Nimeosha Chungu cha Mama Mkwe

Mpendwa Mama Avelina, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya banda la mbuzi, maana ndani ya nyumba hakuna mahali ninapoweza kukaa bila kuona kwamba chungu kinaniangalia, na ukimaliza kusoma utasema mwanamke huyu amechanganyikiwa, nami sitabisha, ila naomba unisaidie kwanza halafu ndipo uniseme.

Mimi ni mzaliwa wa Runazi, kule Biharamulo, na kwetu chakula kikiisha chungu kinaoshwa, kinapinduliwa juani, watu wanaendelea na maisha. Huu ni mwaka wa saba tangu niolewe huku Kirushya, wilaya ya Ngara, na mume wangu Fideli, ambaye mama yake alitoka naye Burundi mwaka 1993. Fideli ni mtu mpole, analima, hanywi kupita kiasi, na mama yake, Mama Véronique, hajawahi kunitolea neno baya hata siku moja, naomba hilo ulijue mapema ili usije ukaanza kuwasema watu wasiokuwa na kosa. Wao hawana shida. Shida ni chungu.

Chungu chenyewe kina jina, kinaitwa Mukuru, kwa lugha yao maana yake ni mkubwa, na Mama Véronique alikirithi kwa mama mkwe wake. Ni chungu cha maharage, na mwiko wake ni kwamba hakitakiwi kuwa kitupu hata siku moja, kwa hiyo kila jioni tukishakula lazima zibaki pawa tatu za maharage ndani yake, wanaziita mbegu, na asubuhi maharage mapya yanamiminwa juu ya hiyo mbegu pamoja na chochote ambacho shamba limetoa wakati huo, majani ya maboga yakiwepo ni majani ya maboga, uyoga ukiota ni uyoga, mihogo, ndizi, nyanya chungu, kunde, na wakati wa kiangazi ni majani makavu aliyoyaanika mwenyewe juu ya bati. Hatununui kiungo cha dukani hata kimoja. Na ni chakula kitamu, Mama Avelina, siwezi kudanganya, ila hakijawahi kuanza upya, leo unakula na jana, na jana ilikula na juzi, kurudi nyuma hivyo hivyo mpaka Burundi.

Maana Mama alikimbia nacho. Hadithi hii inasimuliwa hapa kwetu kila Krismasi na kila msiba, ya kwamba vita ilipoingia Mama alikibandua Mukuru mekoni kikiwa kimejaa, akajitwisha kichwani, watoto wawili wakashika kanga yake na wa tatu, ambaye ndiye Fideli wangu, alikuwa mgongoni hajaanza kutembea, wakatembea siku sita, mchana wanajificha usiku wanatembea, bila kuwasha moto kwa sababu moshi ungewaonyesha, wakavuka mto Ruvuvu, wakafika hapa Kirushya kwa shangazi yake aliyekuwa ameolewa huku, na Mama alipofunua chungu zilikuwa zimebaki pawa tatu kamili. Kutoka katika pawa zile tatu ndiyo tunakula mpaka leo. Mtu akifika hapo kwenye kusimulia, wazee wanavua kofia.

Kwa hiyo Mukuru si chombo, ni mtu. Watoto wangu, Keza na Diane, wakiamka wanaanza kukiamkia chungu shikamoo, halafu bibi yao, halafu baba, mimi ni wa mwisho, kwa sababu bibi amewafundisha kwamba salamu inafuata umri na mkubwa hapitwi kimya, na marahaba ya chungu anaiitikia yeye kwa niaba yake. Karani wa sensa alipokuja, Mama alimtajia watu watano na Mukuru, karani akaandika sita, akauliza jinsia, Mama akafikiri sana akasema aandike mwanamke. Fideli ndiye aliyeweka dole gumba pale pa kusaini.

Sasa mwaka huu mwezi wa tatu alikuja mtaalamu wa lishe, Bwana Rwekaza, akatufundisha akina mama siku nne pale kwenye ofisi ya kata, kupika kwa afya kwa kutumia vitu vya msimu vinavyotoka shambani kwetu, tuloweke maharage ili kuni zipungue, mboga ichumwe asubuhi ipikwe siku hiyo hiyo, mafuta kidogo, chumvi kidogo, tusitupe chakula, nami nilikuwa nafurahi kwa sababu karibu yote hayo Mama Véronique alikuwa anayafanya tangu zamani bila cheti. Siku ya nne likawa somo la usafi wa vyombo. Bwana Rwekaza akauliza kama kuna mwanamke ambaye nyumbani kwake kuna chombo cha kupikia ambacho hakijaoshwa kwa zaidi ya siku moja, wote wakacheka, nami nikacheka nao, huku kichwani nazidisha miaka thelathini na miwili mara siku mia tatu sitini na tano, na tangu hapo sikusikia somo tena, nilipewa cheti nikiwa natoka jasho.

Nilivumilia mpaka mwezi wa sita. Watoto tumbo lilikuwa linawasumbua mara kwa mara na mimi kila nikilala naona ukoko. Alhamisi moja Mama akaenda kwenye sala ya jumuiya pamoja na watoto, Fideli yuko shambani, na mimi saa nane mchana nikafunga mlango wa jikoni kwa ndani nikaanza kazi.

Maharage yaliyokuwemo, mbegu na yote, niliyamimina kwenye beseni nikampelekea nguruwe wa jirani yetu Ciza. Kisha nikakwangua. Kijiko kikapinda. Nikakwangua kwa ncha ya panga, ukoko ukaanza kutoka vipande vinene mfano wa soli ya kiatu, nikawatupia kuku, wakavidonoa mara moja wakaviacha, isipokuwa jogoo ambaye alikula na hakuwika siku mbili. Katika ukoko nilikuta kifungo cha shati, shanga mbili za rozari, na jino. Jino sijui ni la nani. Nimewahesabia watu wote wa nyumbani meno yao wakiwa wanacheka, hesabu haikai, Fideli na watoto wanayo yote, Mama ana mapengo lakini ni ya zamani na siwezi kumuuliza. Nilisugua kwa sabuni ya mche, nikasugua kwa majivu, nikasugua tena kwa sabuni, na Mukuru kikatokea ndani ni chekundu, chungu kizuri sana, kina hata mistari ya vidole vya mfinyanzi, na nilipoiona ile mistari ndipo nikaelewa nilichokifanya.

Basi nikakimbilia shambani, bahati nzuri yalikuwepo maharage mabichi, nikapukuchua, nikaweka ndizi, nyanya chungu, majani ya maboga na mawese kijiko kimoja, na saa kumi na moja Mama aliporudi yalikuwa tayari. Mama macho yake hayaoni vizuri, ana mtoto wa jicho pande zote mbili, anaona vivuli tu, kwa hiyo wekundu hakuuona. Lakini alionja. Akaonja tena, halafu akasema, "Haya ni ya mwaka wangu wa kwanza hapa Kirushya." Nikamuuliza ana maana gani. Akasema, "Nipe mengine." Akala sahani tatu, na mimi sikula hata kijiko.

Nilidhani mambo yataishia hapo, kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Mama akatangaza kwenye jumuiya kwamba Mukuru amerudia ujana wake, watu wakaanza kuja na visufuria kuomba mbegu wakaanzishie vyungu vyao, mpaka leo ni kaya kumi na saba, na mmoja alitoka Rulenge kwa miguu. Nguruwe wa Ciza alizaa watoto kumi na mmoja, wote wakapona, na Ciza anatoa ushuhuda kanisani bila kujua anashuhudia nini. Matumbo ya watoto yametulia na watu wanasema ni baraka za chungu kisichooshwa. Na kibaya kuliko vyote, Bwana Rwekaza alisikia, akaja na kamera, akakipiga Mukuru picha, akasema mbele ya wanawake arobaini kwamba huu ndio mfano wa mapishi endelevu, chakula cha msimu, hakuna kinachotupwa, akanigeukia mimi, mwanafunzi wake mwenye cheti, akasema nisije nikathubutu kukiosha.

Sasa madaktari wa macho watakuja Rulenge Jumatatu ya mwisho wa mwezi na Mama ameandikishwa kufanyiwa upasuaji. Lakini amegoma. Anasema hawezi kulala kwenye kitanda cha daktari kabla hajamkabidhi mtu chungu, na mtu huyo ni mimi. Jumapili ya kuamkia siku hiyo, baada ya misa, ukoo wote utakuja, baba mdogo wake Fideli atashika Biblia, nami nitapiga magoti na kuapa kwamba Mukuru hakijawahi kumalizwa na kwamba mkononi mwangu hakitamalizwa. Nisipoapa haendi, na daktari amesema akikosa awamu hii mwanga uliobaki unaweza kupotea kabisa. Nikiapa, nimeapa uongo kwenye Biblia, na mimi ni mwanakwaya. Nikisema ukweli, naogopa moyo wake utasimama palepale, na Fideli wiki iliyopita alisema mbele ya wageni, "Akitokea mtu akakiosha kile chungu namfungia virago mwenyewe, hata angekuwa nani," akacheka, wageni wakacheka, nami nikacheka mpaka machozi.

Nimejaribu njia zangu. Jumanne nilimwachia beberu jikoni makusudi ili akivunje, akazunguka, akakinusa, akatoka nje kwa adabu. Nimefikiria pia kuapa kwamba sijakilaza kitupu, kwa sababu nilikiosha saa nane na saa kumi na moja kilikuwa kimejaa, hakikulala, ila roho inakataa. Naomba unijibu haraka sana na usitaje jina langu. Gazeti linafika kwetu Ijumaa na gari la parokia, na Mama anaupenda mno ukurasa wako, mimi ndiye ninayemsomea kwa ajili ya macho yake, safari hii nitauruka.

Mkazamwana wa Kirushya.

Mama Avelina anajibu

Marahaba, mwanangu. Kwanza inuka hapo kwenye ndoo, mgongo wako bado una kazi.

Umeniomba nisitaje jina lako, na wala hukuliandika, lakini umenitajia kila kitu kingine mpaka idadi ya watoto wa nguruwe. Nimebadili majina yote, ya watu na ya chungu. Nguruwe aliyezaa kumi na mmoja nimeshindwa kumficha, kwa hiyo jiandae, watu watasema. Watasema wiki mbili, kisha kutatokea harusi au mtu atagombana na mwenyekiti wa kitongoji, nao watahama.

Nilifundisha sayansi kimu miaka thelathini na moja kabla hawajanipa ukurasa huu, kwa hiyo ngoja nikuseme kwa utaratibu. Kosa lako la kwanza ni sabuni. Sabuni ya mche kwenye chungu cha udongo, wewe mwenye cheti? Udongo unakunywa. Ulichokisugua siku ile, familia yako imekinywa kidogo kidogo mwezi mzima, na mshukuru mawese yamekuficha. Chungu kinaoshwa kwa maji ya moto, mchanga laini na majivu, kinaanikwa juani mpaka kikauke kabisa, basi. Kosa la pili ni beberu. Ulitaka mnyama asiyesema abebe dhambi yako, na yeye amekuonyesha kwamba ana malezi kukuzidi. La tatu ni hiyo habari ya hakikulala. Mungu si karani wa sensa, huwezi kumpa jibu linalokaa kwenye kisanduku akaenda zake.

Kuosha chungu si kosa. Nitalirudia hilo kwa ajili ya wale kumi na saba na visufuria vyao. Kupika vitu vya msimu ni kupika kilichopo leo. Ukoko wenye jino ndani yake si chakula cha msimu, ni misimu sitini na minne iliyobanana mahali pamoja bila ruhusa. Mama mkwe wako ni mpishi hodari, anajua shamba lake, hatupi kitu, anakausha mboga za kiangazi mwenyewe, na hayo yote yanatoka kichwani na mikononi mwake, hayatoki kwenye ukoko. Ndiyo maana ulipoosha, utamu haukwenda popote. Na Bwana Rwekaza, kama unasoma, chagua somo moja, la siku ya nne au la kamera, yote mawili hayakai kwenye kichwa kimoja. Kwa bahati nzuri ile mbegu mliyoigawa imetoka kwenye chungu safi, kwa hiyo kaya kumi na saba zimeambukizwa usafi bila kujua, na huo ndio uambukizo pekee ninaoupongeza.

Sasa acha kutetemeka, unisikilize, maana nimemaliza kukusema.

Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye kata. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilichukua kalamu nikafanya hesabu niliyokuwa nawafundisha wasichana wa kidato cha pili. Chungu ambacho mwanamke anaweza kujitwisha huku ana mtoto mgongoni kinashibisha mama na watoto wawili milo mitatu, ukipunja minne. Ninyi mnasimulia siku sita. Tena maharage yaliyopikwa, mwezi wa kumi vita ile ilipoanza, bila moto, yanachacha siku ya pili, na siku ya tatu ungeyasikia kwa pua kabla hujayafunua. Mwanangu, hizo pawa tatu zilizofika Kirushya zilitoka wapi?

Chungu kile kilivuka Ruvuvu kikiwa kitupu. Pengine kilioshwa mtoni humo humo, sijui. Ninachokijua ni kwamba wewe umeolewa na mwanamume mzima, mwenye meno yake yote, umesema ulimhesabia. Maharage ya Mukuru yalikwenda huko. Mama aliyekuwa anamnyonyesha mgongoni alikula ili maziwa yapatikane, na wale wawili waliomshika kanga walikula ili waweze kutembea. Mwiko ulivunjwa porini na mwanamke mwenye akili timamu, na angeushika, leo usingekuwa na mume wa kukufungia virago.

Nakisia, sina ushahidi. Lakini angalia alivyoonja siku ile. Macho yamekufa, ulimi haujafa. Mwanamke anayepika chungu kimoja miaka thelathini na miwili anajua ladha ya chungu kilichooshwa kabla hajameza. Alikuambia mwaka wake wa kwanza hapo Kirushya, na wewe kwa woga wako hukusikia kwamba ameshakwambia anajua. Kisha akala sahani tatu. Mtu aliyevunjiwa kitu kitakatifu hali sahani tatu.

Basi kwa nini anataka kiapo? Nadhani ni kwa sababu anaogopa, nawe unamjua mtu mwoga alivyo, umeandika kurasa nne kuhusu mmoja. Amebeba jambo hilo peke yake mbele ya wazee wanaovua kofia, kila Krismasi, kila msiba. Sasa anakwenda kulala mbele ya daktari na hana uhakika kama ataamka, na anataka kabla ya hapo awepo mtu mwingine wa kulibeba. Ameshindwa kulisema, ndiyo maana anataka kulikabidhi likiwa limefunikwa.

Utafanya hivi. Ijumaa gazeti likifika, Fideli akiwa shambani na watoto wakiwa wanacheza nje, kaa naye jikoni, umsomee ukurasa huu. Usiuruke. Anza kwenye ndoo, uende mpaka mwisho, weka majina yenu badala ya haya yangu, wala usiruke jino. Ukilia, lia, kisha endelea kusoma. Yeye akinyamaza usimjazie maneno, loweka maharage ya kesho huku unasubiri. Fideli ataambiwa na mama yake kama mama yake atapenda, siyo na wewe. Akiropoka habari ya virago, mwambie Mama Avelina anamtaka aende kwanza kumuuliza mama yake alikula nini siku ya nne porini. Jumapili ukoo uje, wale, washibe. Biblia isomwe tu, hakuna kupiga magoti. Na tangu wiki ijayo kila Jumamosi chungu kinamalizwa, kinaoshwa bila sabuni, kinaanikwa, na mbegu ya Jumapili inatoka shambani.

Ukifika hapa pumua, maana maneno yaliyobaki si yako, wewe yasome tu.

Mama Véronique, amahoro, amani iwe kwako. Mimi na wewe ni watu wazima, tumezika na tumezaa, kwa hiyo sitazunguka. Wale watoto watatu walikula. Mwisho ulikifuta chungu kwa kidole ukamlambisha mdogo, najua kwa sababu ndivyo ningefanya mimi. Ulipofika kwa shangazi yako ukapika maharage yake, watu waliopoteza kila kitu wakaamini ni yale yale ya nyumbani, nawe hukuwa na moyo wa kuwanyang'anya. Hukumkosea mtu. Sasa mbele yako kuna msichana wa watu amekonda kwa sababu alifanya kwa sabuni kile ambacho wewe ulikifanya kwa njaa, na hakuna mwingine duniani anayeweza kumsamehe isipokuwa wewe. Mshike mkono kabla hajafika mwisho wa mstari huu. Na kama lazima kuwe na kiapo, mwapishe kwamba nyumbani humo hakuna mtoto atakayelala njaa eti chungu kisiishe. Hicho anaweza kukiapa popote. Kisha Jumatatu muamke mapema, muende pamoja kwa daktari wa macho.